TAHADHARI: Safari za Maziwe "kila Jumapili saa tatu kamili"

Ndugu mnaopanga kuja Pangani, hasa mnaotoka Dar, Moshi na Arusha: kuna tangazo la safari ya Kisiwa cha Maziwe linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram, na watu wameshalizwa. Akaunti inabadilisha jina kila baada ya muda mfupi, maneno yanabaki yale yale: "lagoni ya siri, kivuli cha minazi, samaki wa kuchoma, siku nzima mpaka machweo, kila Jumapili saa tatu asubuhi kamili." Elfu thelathini kwa kichwa, nusu ilipwe leo ili nafasi isichukuliwe na mwingine.

Anayeijua Maziwe akisoma hapo anacheka. Asiyeijua anatuma hela. Kwa hiyo tulipasue tangazo lenyewe, maana ushahidi wote umo humo humo.

Minazi kwanza. Maziwe hakuna mnazi. Hakuna mti wa aina yoyote. Kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kisiwa kilikuwa bado na miti, mivinje hasa, lakini kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa imekwisha, mchanga ukakosa wa kuushika. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe juu ya mwamba, kilomita 8 hivi kutoka pwani ya Pangani. Kivuli utakachokipata ni kile ulichokuja nacho: mwavuli, au turubai la nahodha na miti yake ya kusimikia. Picha yenye minazi imepigwa kwingine, iwe Unguja, iwe Mafia, iwe nchi nyingine kabisa.

Sasa kiini cha utapeli, ambacho ni hiyo "kila Jumapili saa tatu". Maziwe haiendwi kwa saa ya ukutani, inaendwa kwa maji. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku kupwa kunachelewa kwa dakika kama 50. Chukua Jumapili mbili zinazofuatana. Ya kwanza iangukie mwezi mwandamo, maana yake ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana: yanakupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ukitoka Ushongo, ufukwe wa kuondokea, saa tatu unafika fungu liko wazi na bado linazidi kukua. Safi kabisa. Sasa ongeza siku saba za dakika 50: karibu saa sita nzima. Jumapili ya pili, kwenye saa nne asubuhi, maji ndiyo yamejaa, na kupwa kunakuja saa kumi alasiri. Tena hayo ni maji mafu, hayatoki sana hata yakikupwa. Saa ile ile, boti ile ile, na abiria wanashushwa kwenye kipande cha mchanga ambacho mkiweka majamvi mawili mmekijaza.

Kwa hiyo mtu anayeuza saa moja ya kuondoka kwa mwaka mzima ama haijui bahari, ama anaijua vizuri na anajua wewe huijui. Wa pili ndiye mbaya zaidi, kwa sababu anakupeleka kweli. Mkifika hakuna kitu, anakunja mikono: "Bahari hiyo, mimi sijaiumba." Ukidai hela yako anakujibu safari umeipata.

Kuhusu hiyo lagoni. Si siri, na haikai pale kutwa. Ni maji yanayobaki ndani ya mwamba bahari ikikupwa: kina cha goti hadi kiuno, yametulia, unaona mchanga chini na samaki wadogo wanakatiza kati ya vidole vya miguu yako. Yanakaa hivyo kwa muda wa saa tatu, nne hivi, yaani kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Mwamba ukishafunikwa hakuna lagoni tena, kuna bahari. Na usihesabu kwamba maji yatarudi polepole kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huoni hata kama yanarudi. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa kwetu inapita mita 3, na yakijaa hayo kisiwa chote kinazama. Bamvua iliyokupwa saa nne na nusu asubuhi inajaa saa kumi na nusu alasiri. Sasa "siku nzima mpaka machweo" mtakuwa mmesimama juu ya nini?

Njia ya kumpima muuzaji ni swali moja tu, kabla ya kuuliza bei: "Siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hajibu kwa kubahatisha. Atakuuliza tarehe, atahesabu mwezi, au atafungua jedwali la maji kwenye simu, halafu akwambie: tutoke saa fulani, turudi kabla ya saa fulani. Pengine atakwambia tarehe yako haifai, sogeza mbele siku tano. Huyo mshike. Anayejibu "maji yapo tu muda wote, usijali bosi" achana naye. Kuhakiki mwenyewe si kazi: mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, kupwa asubuhi ya saa nne, saa tano; mwezi wa nusu ni maji mafu, kupwa alasiri. Ukitazama juu usiku tu umeshajua unadanganywa au la.

Aina ya pili ya ulaghai inafanyika Tanga mjini. Unaambiwa usihangaike kufika Pangani, boti inatokea hapa hapa. Baada ya dakika chache umeshushwa kisiwa cha Toten, au kwenye fungu lolote la ghuba, unaambiwa hii ndiyo Maziwe. Toten ina uzuri wake, ina magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, na anayependa historia asiikose. Lakini iko ndani ya ghuba ya Tanga, mji unauona mbele ya macho, na imezungukwa na mikoko. Maziwe haina mkoko na haina gofu. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni karibu kilomita 50 za barabara, na Ushongo iko mbele zaidi, ng'ambo ya mto upande wa Bweni. Kutoka huko ndiyo unapanda boti ya mashine nusu saa hadi dakika 45, dau la tanga zaidi ya hapo kutegemea upepo. Ukiambiwa Maziwe ni dakika kumi, si Maziwe.

Kiingilio nacho kimekuwa mrija. Maziwe ni eneo tengefu la bahari, kiingilio kipo na ni halali, raia ana kiwango chake na mgeni wa nje ana chake. Malipo ya serikali hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, yenye tarakimu 12. Muuzaji huyu anakusanya kiingilio taslimu ufukweni, anaandika risiti ya kitabu cha dukani kwa kalamu, na raia anatozwa bei ya mgeni. Mwambie akuletee kontroo namba ulipe mwenyewe kwa simu yako. Akisema mtandao uko chini tangu jana, basi subirini wote mpaka uje juu. Na beba kitambulisho chako cha taifa.

Bei yenyewe pia inasema. Mashine ya farasi 40 ikikimbizwa na mzigo wa watu inakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwenda, kurudi na kuzunguka mwamba weka lita 25 au 30, uzidishe kwa bei ya petroli ya wiki hii. Ongeza nahodha, baharia mmoja, kiingilio cha kila mtu, samaki na mkaa. Watu sita kwa elfu thelathini ni laki moja na themanini. Fanya hesabu uone anapata wapi faida. Jibu ni kwamba anaipata kwenye vitu usivyoviona: mafuta ya kwenda tu akitegemea mkondo umsaidie kurudi, maboya ya kuvaa manne kwa watu kumi na wanne, baharia hayupo.

Basi kabla ya kukanyaga boti, angalia. Maboya yahesabiwe, moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto. Kamba na vifungo vivutwe, kwa sababu mengine yameoza kwa jua na kifungo kinabaki mkononi. Nanga yenye kamba ndefu. Upondo (mti wa kusukumia boti) au makasia, mashine ikizima. Kidumu cha pili cha mafuta. Chombo cha kukumba ngama, yaani maji yanayoingia ndani ya boti. Cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, uombe uonyeshwe, na jina la chombo lifanane na lililoandikwa ubavuni. Mwenye chombo kizima haoni tabu, anakitoa kwenye mfuko wa nailoni huku anaendelea kuongea.

Kasa wanatajwa pia: "mtashuhudia vifaranga wakianguliwa Jumamosi saa kumi." Mayai ya kasa yanakaa mchangani karibu miezi miwili na hakuna anayeyapangia saa. Viota vya Maziwe vilikuwa vinahamishiwa Ushongo kwa sababu hiyo hiyo ya kisiwa kuzama. Kuona vifaranga ni bahati na ni jambo la kuulizia kwa wahifadhi walioko Ushongo, si la kuwekewa oda kwenye Instagram.

Kuahirisha safari peke yake si utapeli, tuseme haki. Kusi, upepo wa kusini, likiingia, kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni na Julai ndiyo kabisa, kuna siku hakuna chombo kidogo kinachopaswa kutoka. Nahodha mwema anakupigia jioni ya kuamkia safari na hela yako inahamia tarehe nyingine, au inarudi ikiwa umesharudi kwenu. Tapeli anakuacha ufike mpaka ufukweni, anakwambia bahari imechafuka wakati ngalawa za wavuvi zinarudi mbele yako, halafu anataka "nyongeza ya mafuta" ili ajaribu.

Malipo: usilipe nusu kwa namba ya mtu binafsi usiyemjua. Lipa kupitia nyumba unayofikia, au kwa lipa namba ambayo jina la biashara linatokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Jina likitokea tofauti na la kwenye tangazo, na akakwambia "hiyo ni ya dada yangu", futa muamala hapo hapo. Ikibidi kutanguliza kitu, tanguliza hela ya mafuta tu, nyingine mkirudi.

Kama umeshatuma, usibembelezane naye kwenye meseji, kwa sababu anachotaka ni dakika za kuitoa hela. Piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, ukiwa na namba ya muamala, uombe izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala kuipata ni kazi. Ujumbe wake na namba yake vipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue jalada, hili linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ukiwa na picha za skrini za tangazo, mazungumzo yote na jina lililotokea wakati wa kulipa. Picha hizo zipige leo, kabla akaunti haijabadilisha jina tena.