Homa ya uti wa mgongo: ya meningokoka na ya listeria

Ukiwa Arua au Karamoja na jua la kiangazi linawaka, ukisikia homa ya uti wa mgongo unafikiria meningokoka, na hukosei. Kaskazini mwa Uganda imo katika ule ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, ambako bakteria huyo hurukia watu kwa mate na kikohozi, huwapata zaidi watoto na vijana, na huzuka kwa kishindo kati ya Desemba na Juni. Chanjo yake ipo.

Listeria, bakteria mwingine anayeleta homa hii, ana tabia nyingine kabisa. Huingia kwa chakula: maziwa mabichi, nyama iliyosindikwa, soseji zisizopashwa moto. Friji haimzuii, huendelea kuzaliana hata kwenye nyuzi 4. Huwatafuta wajawazito, vichanga, wazee na wenye kinga iliyodhoofishwa, mathalani na VVU. Chanjo hana, na kati ya kula na kuugua zinaweza kupita hata siku 70. Nani anakumbuka alichokula miezi miwili iliyopita? Afrika Kusini, mlipuko wa 2017 na 2018 uliotokana na polonyi, aina ya soseji nene, uliwagusa watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200.

Kwangu mimi tofauti nzito iko kwenye sindano. Seftriaksoni, inayotangulizwa hospitalini, humuua meningokoka lakini listeria haimgusi. Yeye anahitaji ampisilini. Kwa mzee au mjamzito, daktari asipomfikiria listeria mapema, dawa inatiririka bure.