Upinde wa kapi wa kwanza kwa mwindaji wa mfuko mdogo: tulivyoujaribu Diamond Infinite Edge Pro hapa Tabora

Shemeji yangu anaishi Missouri, Marekani, ambako kila msimu wa vuli huwinda kulungu wenye mkia mweupe kwa leseni na kwa upinde. Alipokuja Tabora likizo aliuleta upinde wake ndani ya sanduku gumu, nasi tukautumia kwa muda wa wiki tatu kulenga gunia la tumbaku tulilolishindilia nguo kuukuu na kulifunga kwenye shina la mwembe nyuma ya nyumba. Hatukumlenga mnyama yeyote, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, na sikutaka kwenda kumweleza hakimu kwamba nilikuwa nafanya majaribio ya bidhaa. Kwa hiyo haya yanawafaa zaidi ndugu zetu walioko Marekani au Afrika Kusini, ambako uwindaji wa upinde una utaratibu wake, nao wanatafuta upinde wa kwanza usiomaliza akiba yote.

Upinde wa namna hii ulibuniwa na Holless Wilbur Allen, mtu wa hukohuko Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nakiri kwamba siku ya kwanza niliutazama zaidi kuliko nilivyoutumia. Kwenye ncha za mabawa yake kuna makapi, yaani puli, ambayo mhimili wake haukai katikati. Unapouvuta ugwe, makapi huzunguka, uzito wa mvuto, yaani nguvu unayohitaji kuuvuta, hupanda hadi kilele, kisha ghafla hushuka. Uta wa babu zetu Wanyamwezi hufanya kinyume chake, kwani kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kukushinda, hata ukafika mwisho huku mkono ukitetemeka. Upinde wa paundi 60 hudai nguvu ya kama kilo 27 hivi, yaani zaidi ya kunyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, lakini ukishafika mwisho wa mvuto, kwa upinde unaopunguza asilimia 80, mkono unabaki umeshika kilo tano na nusu tu. Hapo ndipo mwindaji anapopata nafasi ya kutulia na kumsubiri mnyama ageuze ubavu.

Diamond haukuwa upinde wa kwanza wa shemeji. Wa kwanza, ambao kampuni yake sitaitaja, aliuziwa dukani ukiwa umetumika, na muuzaji alimhakikishia kwamba urefu wa mvuto (umbali kutoka mshiko hadi ugwe uliovutwa mwisho) wa inchi 29 ni wa watu wazima wote. Shemeji ni mtu mfupi. Tulipompima hapa nyumbani, amesimama amegusa ukuta kwa mgongo na mikono ameinyoosha huku na huku, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole tulipata sentimita 168. Ukigawa kwa mbili na nusu unapata sentimita 67, ambazo ni kama inchi 26 na nusu. Kwa mwaka mzima alikuwa akivuta upinde uliomzidi kwa inchi mbili na nusu, akiuchapa mkono wake wa mbele kwa ugwe hata ukawa na mistari myekundu, akidhani kwamba kasoro ni yake. Urefu wa mvuto wa upinde ule ulibadilishwa kwa kubadilisha vipuri vya makapi, ambavyo havikupatikana tena, na hatimaye aliuuza kwa hasara.

Kwa sababu hiyo naanza na kipimo, wala sianzi na bei. Uzuri mkubwa wa Infinite Edge Pro ni kwamba urefu wa mvuto wake hurekebishwa kutoka inchi 13 hadi 31, na uzito wake wa mvuto kutoka paundi 5 hadi 70, kwa spana za L tu, bila kuupeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuminya mabawa. Nilimtazama shemeji akiketi kwenye mkeka, akafungua skrubu mbili za kila kapi, akasogeza kipande kidogo cha chuma hadi kwenye alama nyingine, akafunga. Na katika dakika zisizozidi kumi upinde uliomtosha yeye ukamtosha kijana wangu wa miaka kumi na minne. Kwa familia ambayo haiwezi kununua pinde tatu, hili ndilo jambo la kulipia. Upinde wenyewe una kilo moja na nusu hivi, na urefu wa inchi 31 kutoka mhimili hadi mhimili, kwa hiyo haukwami ovyo kwenye matawi mtu anapokuwa juu ya mti.

Tangazo la kasi lisomwe kwa uangalifu. Futi 310 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 94, ni kipimo cha mvuto wa inchi 30 kwa paundi 70, na mshale mwepesi wa greni 350, yaani gramu 23 hivi. Kila inchi inayopungua kwenye mvuto huondoa takriban futi kumi, na mshale wa kuwindia huwa mzito zaidi ya huo. Tena mwenye mikono mifupi asitarajie kuzifikia hizo paundi 70 kamili. Shemeji huwinda kwa paundi 50, na hanung'uniki, kwa kuwa kulungu anayesimama hatua ishirini kutoka alipo haulizi kasi ya mshale. Majimbo mengi ya Marekani yaliyoweka kiwango cha chini kwa kulungu yameridhika na paundi 35 au 40. Anayejikaza kuvuta paundi 70 kwa fahari, akiinua upinde juu kama anayetwanga, humtimua mnyama kabla hajalenga. Mwenye nguvu za wastani achague vyembe vyenye makali yasiyokunjuka, kwa sababu vile vinavyofunguka wakati wa kugonga hula sehemu ya nguvu ambayo yeye hana ya kugawa.

Pinde za kuanzia za daraja hili huuzwa Marekani kwa kati ya dola 300 na 500 hivi, mara nyingi zikiwa na kilengeo, kiegemezo cha mshale na podo. Kwa maoni yangu, vifaa hivyo ndimo watengenezaji wengi wanamobana gharama, na si vibaya kuvitumia mwaka wa kwanza kisha kubadilisha kilengeo peke yake. Kinachosahaulika ni kwamba mishale dazani moja, kifyatulio cha kuachia ugwe kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono na kitu cha kulengea hununuliwa kando. Anayetoka na dola 400 na kuzimaliza zote kwenye upinde atarudi nyumbani na pambo la ukutani. Gunia letu liligharimu jasho tu, ingawa mshale mmoja ulipita pembeni ukazama kwenye mwembe, na tulitumia panga na nusu saa nzima kuutoa bila kuuvunja.

Onyo moja lisipuuzwe. Wazee wa mtaani walipousikia walikuja kuutazama, na kila mmoja alitaka kuuvuta. Mmoja wao aliufikisha mwisho bila mshale, akasema, "Sasa naachia." Shemeji aliruka na kuushika ugwe kwa mikono miwili, akimwambia, "Shikamoo baba, usiachie, rudisha polepole!" Salamu ilikuja kwa hofu, lakini ilikuja. Upinde wa kapi ukiachiwa mtupu, nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye mabawa na makapi, na pigo moja laweza kuvipasua na kumjeruhi aliyeushika.

Kwangu mimi upinde huu ulikuwa na tatizo ambalo spana haiwezi kulitatua, na lawama si ya Diamond. Mishale yangu ilikwenda kushoto kila siku, hata shemeji akachoka kunisemesha, "Vuta kwa mgongo, shemeji, si kwa kiwiko." Siku moja aliniambia niunganishe viganja vyangu viwili niache tundu dogo, nitazame embe kwa macho yote mawili, kisha nifumbe jicho moja moja. Nilipofumba la kushoto, embe likatoweka. Naandika kwa mkono wa kulia, lakini jicho langu linalotawala ni la kushoto, na upinde wa mkono wa kulia haugeuki ukawa wa kushoto baada ya kununuliwa. Jaribio hilo huchukua nusu dakika na lingepaswa kufanywa dukani kabla ya kutoa hata shilingi. Shemeji amekwisha kuondoka na upinde wake; akinunua mwingine kwa ajili ya likizo zijazo, tumekubaliana uwe huuhuu, wa mkono wa kushoto.