Kalamu ya kusomea Qur'ani: inasoma vizuri, ila haisikii

Nikiri mapema: niliinunua kwa uvivu. Binti yangu ana miaka sita, na kila jioni alitaka nimsomee aya moja mara ishirini. Sauti ilinikauka mimi kabla yeye hajaishika. Kalamu hii unaigusisha tu kwenye aya, ndani ya msahafu iliyokuja nao, inasoma. Ukitaka irudie, inarudia mpaka mwenyewe uchoke.

Wasomaji wamo kadhaa. Nimeiacha kwa Mahmoud Khalil al-Husary na sijabadilisha tena. Wapo wenye sauti tamu kumshinda, lakini mtoto anaishia kuiga mavuto yao. Husary anakwenda taratibu, kila herufi unaisikia imetoka wapi.

Tulianzia An-Nas, sura ya mwisho, tukawa tunapanda. An-Nasr, aya tatu, ilichukua siku mbili. Al-Kafirun ndiyo iliyotukwamisha. Aya ya 3 na ya 5 ni maneno yaleyale, kwa hiyo mtoto akimaliza ya 5 anarudi ya 4, halafu ya 5 tena, anazunguka kama ngamia wa kinu. Kalamu haina la kumsaidia hapo, yeye hajui kapotea. Nikamfundisha kukunja kidole: akisema "wa laa antum", mwanzo wa aya hizo mbili, mara ya kwanza anakunja kimoja, mara ya pili anakunja cha pili, na viwili vikishakunjwa anakwenda aya ya mwisho, "lakum diinukum". Siku ya tatu akawa anakunja vidole mgongoni, nisimwone.

Kasoro yenyewe ni kwamba kalamu haisikii. Wiki tatu nzima binti alikuwa anatamka "kul" badala ya "qul", nami nikipika huku nasikia sauti mbili nikadhani mambo shwari. Ustadhi wake ndiye aliyemkamata: "Qul ni sema. Kul ni kula. Unamwambia nani ale?" Na neno hilo ndilo linalofungua Al-Kafirun, Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas, kwa hiyo kosa moja tulikuwa tumelihifadhi mara nne. Kulifuta kulituchukua muda zaidi kuliko kuhifadhi sura mpya.

Shemeji yangu aliyesilimu karibuni imemfaa zaidi. Alikuwa akisoma kwa herufi za Kilatini, ambako h ya "huwa" na ya "ahad" zinaandikwa sawa, kumbe ni herufi mbili mbalimbali, tena zimo katika aya moja. Baada ya kusikiliza mara nyingi akaitupa ile karatasi.

Chaji inakaa, sina neno. Lakini kalamu haisomi msahafu mwingine wowote, na ukurasa wetu wa mwisho, unaoguswa kuliko yote, umeanza kufifia: naigusisha Al-Falaq, inanisomea An-Nas. Msahafu wa akiba bila kalamu nyingine muuzaji hana.

Nimeipa nyota tatu. Ingekuwa ya shemeji peke yake, ningeipa nne.