Gari la langalanga la 2026: umbo safi, betri inatia shaka

Kwa umbo, gari jipya la Formula 1 linastahili sifa. Upana umepungua kutoka milimita 2,000 hadi 1,900, na uzito wa chini unaoruhusiwa umeshuka hadi kilo 768. Mabawa ya mbele na nyuma yanalala kwenye barabara iliyonyooka, yanainuka kwenye kona.

Wasiwasi wa mashabiki uko kwenye umeme, na una msingi. Mota ya umeme inayosaidia injini imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu zote, lakini betri inatoa takriban megajuli 4 tu za nishati kabla ya kuhitaji kujazwa. Piga hesabu: ukiikamua yote, inakauka baada ya sekunde 11 na ushei. Monza, uwanja wa kasi wa Italia, itakuwa balaa, maana breki ni chache na breki ndizo zinazoijaza betri zaidi. Dereva ataachia mafuta mapema, au gari litapungua kasi katikati ya mwendo.

Kuondoka mwanzoni mwa mbio nako kuna kazi. MGU-H, mota ya umeme iliyokuwa ikizungusha turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), imeondolewa, hivyo injini inabidi ingurumishwe sekunde kadhaa kabla ya taa kuzimika. Ukiwahi kuachia klachi, turbo bado imelala, na wa nyuma wanakupita.