Inchi 6 za theluji ambazo hazikuwepo

Nyota moja kwa kilima hiki cha kuteleza kwenye theluji. Nilianza kwa kuweka mbili, nikafuta moja. Nitaeleza kwa nini, maana sipendi mtu anayeiponda biashara ya watu halafu anaondoka bila kusema kilichotokea.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kwanza kama sikosei, au mwanzoni mwa wa pili. Tunaishi Manchester, New Hampshire, na watoto walikuwa wamenisumbua tangu Krismasi: Baba, wenzetu wote darasani wanakwenda kuteleza kwenye theluji, sisi lini? Nikaahidi. Ile milima mikubwa bei zake hazishikiki kwa familia ya watu wanne, kwa hiyo tukachagua kilima hiki kidogo, lifti mbili za viti na mkeka mmoja unaotembea wa kuwapandisha wanaojifunza. Watu walikuwa wamekisifia, kwamba ni mahali pa familia na hapana fujo. Tiketi na skii za kukodi tukalipia Ijumaa jioni, zaidi ya dola 300.

Alfajiri saa kumi na moja nikafungua ukurasa wao wa taarifa ya theluji. Theluji mpya usiku huu: inchi 6. Lifti zote zinafanya kazi. Hali ya mteremko: nzuri sana. Na picha juu yake, mtoto wa koti la buluu amezama mpaka magotini, misonobari nyuma yake imeinama kwa uzito wa theluji. Nikawaamsha watoto. Binti yangu alikuwa tayari ameshavaa, kumbe hakulala.

Sasa nitasema jambo hata kama litanipunguzia haki yangu. Onyo nililiona. Jioni ile ofisi ya serikali ya hali ya hewa iliyoko Gray, Maine, ambayo ndiyo inayotabiri na huku kwetu New Hampshire, ilikuwa imetangaza mvua ya barafu, ile inayoshuka ikiwa maji halafu inaganda ikigusa kitu, kwa milima ya kaskazini. Nilimsomea mama watoto. Tukasema tusubiri asubuhi. Asubuhi, wenye kilima wenyewe wakasema inchi 6. Wewe ungemwamini nani, mtu aliyeko Maine anayekisia usiku wa jana, au mwenye mlima aliyeamka akaikuta theluji mlangoni kwake?

Hapo ndipo ilipo hasira yangu, na naomba nieleweke. Utabiri ukikosea simlaumu mtu. Mimi ni mtoto wa Marangu. Mama yangu, kabla ya kuanika kahawa, alikuwa anatoka uani alfajiri kukitazama kilele cha Kibo, kwa sababu Kibo kinajionyesha mapema. Ikifika saa tatu au saa nne mara nyingi mawingu yameshapanda yamekifunika. Akisema leo mvua, basi mvua, ikinyesha au isiponyesha hakuna aliyemgombeza. Lakini hakuwahi hata siku moja kusimama uani akamwambia jirani huku kwangu kumekauka, wakati matone yanamdondokea kichwani. Kutabiri ni kukisia. Taarifa ya theluji ni ushahidi wa kitu ambacho tayari kiko chini, unatoka nje na rula unapima. Hawa walichukua makisio wakayavika nguo za ushahidi.

Tukaondoka. Barabara ya I-93 mpaka Concord kavu kabisa. Tulipopita Plymouth waipa zikaanza kukwaruza kioo, na maji yaliyokuwa yanadondoka yalikuwa yanagandia pale pale kwenye vioo vya pembeni. Nikapunguza mwendo mpaka watu wakawa wananipigia honi. Mama watoto akasema turudi. Nikamwambia wamesema inchi 6. Sentensi hiyo niliirudia, nadhani, mara tatu.

Tulipofika maegesho, mwanangu mdogo alifungua mlango, akakanyaga chini, akaanguka chali. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nikatazama huku na huku. Miti ilikuwa mitupu, kila tawi limevikwa barafu kama kioo, na upepo ukipita unasikia yanagongana. Pembeni mwa mteremko nyasi kavu zilikuwa zimejitokeza. Lifti kubwa imesimama, viti vyake vimeganda, vinaning'inia. Ilikuwa inafanya kazi lifti moja fupi na ule mkeka. Inchi 6 hazikuwepo. Hata mbili hazikuwepo.

Nikaenda dirishani. Niliuliza kwa upole, mbele ya watoto wangu siwezi kuuliza vinginevyo. Nikasema samahani, asubuhi mmeandika inchi 6 za theluji mpya, ziko upande gani wa mlima? Kijana hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Hali ya hewa ndivyo ilivyo, bwana. Sisi hatuitengenezi." Nikamwambia siulizii hali ya hewa, nauliza nani alipima. Akasema masharti nimeyakubali wakati nanunua tiketi. Nikamwambia sijauliza masharti. Akanipita kwa macho, akamtazama mama aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Anayefuata."

Anayefuata! Nimeishi nchi hii miaka mingi, nimejibiwa vibaya na watu wengi, na mengi nimeyaacha yapite. Hilo sijaliacha. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa koti langu, na nilipomtazama aligeuza uso kama yeye ndiye aliyekosa.

Tuliingia, tungefanyaje, hela imeshalipwa. Kwenye foleni ya lifti fupi kulikuwa na mzee anayeshika viti ili watoto wakae. Aliona uso wangu. Aliniuliza, "Umekuja kwa zile inchi 6?" Nikasema ndiyo. Akamwita mwenzake ashike nafasi, akaniambia nifuate.

Nyuma ya kibanda, mbali kidogo na miti, kulikuwa na kibao cheupe kimelazwa juu ya theluji, kipana kama sinia la pilau, na rula imesimamishwa katikati. Akanieleza kwamba kila jioni wanakipangusa, na asubuhi kilichoanguka juu yake ndiyo theluji mpya, hakuna ubishi. Juu ya kibao kulikuwa na ukoko wa barafu unaong'aa. Akaugonga kwa ngumi ya glavu, ukapasuka vipande kama kioo cha dirisha. Chini yake chengachenga za kijivu. Nikainama nikasoma rula mwenyewe: inchi moja, na nimeipendelea. Kisha akatoa kijidaftari mfukoni, cha penseli, akanionyesha alichoandika alfajiri ile na kukipeleka ofisini kwa simu ya upepo: inchi moja, ukoko juu. Zile 6 ziliandikwa Ijumaa mchana kutokana na utabiri wa katikati ya wiki, na hakuna aliyezifuta.

Simtaji, na hata sura yake siielezi, asije akapata shida. Lakini ni yeye aliyenifanya nielewe siku ile kuliko ukurasa wao wote. Simu yangu ilikuwa inaonyesha nyuzi 2 chini ya sifuri, na mimi nikajua baridi hii lazima iwe theluji. Akasema baridi ya bondeni haikuambii kilichoko juu. Hewa ya vuguvugu ilikuja kutoka kusini ikapita juu, ile ya baridi kwa kuwa ni nzito ikabaki imeng'ang'ania chini. Theluji ikaanza safari yake vizuri kule juu, ikapita kwenye vuguvugu ikayeyuka, ikashuka ikiwa maji, ikagusa mti, waya, kiti cha lifti, ikaganda hapo hapo. Tofauti ya nyuzi mbili tatu tu, na mlima mzima unageuka kioo. Kwa hiyo wale wa Gray walikuwa sahihi kabisa, tangu jioni. Mwenye mlima hakuwa na sababu yoyote ya kutojua.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma, maana nilikuwa nimewaka. Kumbe si mimi wa kwanza. Wachumi wawili wa Chuo cha Dartmouth, hapa hapa New Hampshire, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walilinganisha taarifa za theluji za vituo vya skii kwa siku za wiki. Wakakuta mwisho wa wiki vituo vinatangaza theluji mpya asilimia 23 zaidi kuliko siku za kazi. Vipimo vya serikali havionyeshi tofauti kama hiyo ya mwisho wa wiki. Mawingu hayajui Jumamosi ni lini. Anayejua ni muuza tiketi. Na wakakuta pia kwamba ilipotoka programu ya simu iliyowaruhusu watu waandike wenyewe walichokikuta pale pale mlimani, uongo ulipungua sana. Ndiyo sababu nimekaa usiku huu kuandika haya yote badala ya kulala.

Na kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, kwa sababu ni la jimbo hili hili. Juu ya Mlima Washington, tarehe 12 Aprili 1934, walipima upepo wa maili 231 kwa saa, karibu kilometa 372. Walikuwa wachache tu, kwenye kibanda cha mbao. Siku ile mmoja wao, Wendell Stephenson, alitoka nje kwenye upepo mkali na rungu kwenda kugonga barafu iliyokuwa imeshika kifaa cha kupimia, kwa sababu kikiwa na barafu kingesoma pungufu. Alihatarisha roho yake ili namba iwe ya kweli. Na hawa, jamani, kutembea hatua ishirini kwenda nyuma ya kibanda wakasome rula, au kuamini daftari la mzee wao, wameshindwa.

Nikitulia kidogo, haki itendeke: siku haikuwa mbaya yote. Mwalimu wa watoto kwenye mkeka, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikaa na mwanangu zaidi ya muda tuliolipia. Alimfundisha kuweka skii zake kama kipande cha pitsa ili apunguze mwendo, na kijana wangu akashuka mteremko wote mdogo bila kuanguka, akipiga kelele za furaha mpaka watu wakageuka. Theluji ya pale ilikuwa ya mashine, ile wanayopuliza maji na hewa usiku kukiwa na baridi kavu ya kutosha, wakaisambaza wiki iliyopita, na mashine ya kusawazisha ilikuwa imeukwangua ule ukoko asubuhi. Palikuwa pagumu lakini panapitika. Chokoleti ya moto nzuri. Choo kisafi. Kwa haya nilikuwa naelekea nyota mbili, na njiani kurudi, watoto wamelala kiti cha nyuma, nilifikiri hata tatu.

Binti yangu yeye hakupata siku yake. Alikuwa amejifunza mwaka jana na shule, alitaka mlima wenyewe, lifti kubwa. Kwenye ile fupi alishuka mara nne. Nilisimama chini nikimsikiliza: kingo za skii zake zilikuwa zinakwaruza barafu kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria kwa kijiko cha chuma. Mara ya nne alivua skii akashuka kwa miguu, akakaa ndani mpaka tukaondoka. Alikuwa ameweka pesa zake za sikukuu zikaingia kwenye ile tiketi.

Kwa ajili yake niliandika kuomba nirudishiwe hela ya tiketi yake, moja tu, sikuomba za wote. Nilieleza kila kitu, nikaambatanisha picha ya ukurasa wao wa saa kumi na moja na picha ya rula. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: wanasikitika kwamba hali ya hewa haikutimiza matarajio yetu, na wanatupa vocha. Vocha ni ya Jumatatu hadi Alhamisi. Mtoto wa miaka 11, Jumatatu hadi Alhamisi, yuko wapi? Na bado wanasema hali ya hewa! Nimewaandikia kurasa mbili kuhusu taarifa, wamenijibu kuhusu hali ya hewa, kama yule kijana wa dirishani. Hapo ndipo nilipoifuta ile nyota ya pili.

Sisemi msiende kabisa. Yule mzee yupo, yule mwalimu yupo, na mlima wenyewe hauna kosa. Ila kama mnatoka Manchester au Nashua na watoto, soma kwanza wanachosema Gray kuhusu milima, mvua ya barafu ikitajwa usiwashe gari. Kisha piga simu asubuhi, usimuulize aliyepokea hali ikoje, atakwambia nzuri. Muulize kibao kimesoma inchi ngapi leo na kimesomwa saa ngapi. Akiomba akaulize, msubiri, maana huenda akaenda kwa mzee wa daftari.

Vocha iko kwenye droo ya gari. Inaisha katikati ya Machi. Leo asubuhi nimefungua tena ukurasa wao, na yule mtoto wa koti la buluu bado yuko magotini kwenye theluji ile ile.