Uchambuzi: kisanduku cha nzi bandia 24 wa kuvulia trauti katika mito ya milimani

Ndugu watazamaji, karibuni. Kisanduku hiki mnachokiona mezani kina nzi bandia 24, yaani ndoano ndogo zilizovishwa manyoya na nyuzi ili zifanane na wadudu wanaoliwa na trauti, nami nimekwenda nacho mtoni asubuhi nne kabla ya kukichambua.

Nianze na kasoro. Nzi 18 kati ya hao ni wa kuelea juu ya maji. Wanapendeza machoni, na nadhani wamewekwa wengi kwa sababu hiyo hiyo, ilhali trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, na mto ukiwa na baridi na kasi, mara nyingi hasumbuki kupanda juu kwa ajili ya mdudu mmoja. Asubuhi ya kwanza niliwarusha hao kwa saa mbili bila kuguswa. Ndipo nikapindua jiwe kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, na ubavuni mwake walikuwa wamejibana tunutu, yaani wadudu wachanga waishio majini, wa rangi ya kahawia, kila mmoja na vijimkia vitatu, wasiozidi urefu wa punje ya mchele.

Nikafunga Pheasant Tail namba 16, nzi wa kuzama anayefanana na tunutu hao, aliyebuniwa na Mwingereza Frank Sawyer, ambaye badala ya uzi alitumia waya mwembamba wa shaba ili uyashike manyoya na papo hapo umzamishe nzi. Nilipomwacha asafiri na mkondo bila mshipi kumburuta, trauti wa kwanza alikuja katika mtupo wa tatu.

Kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa, ndoano huwa ndogo. Maji yakiwa maangavu ninatumia 16 au 18. Mvua ikiyachafua ninashuka hadi 10, tena kwa nzi mweusi na mzito. Rangi hainisumbui sana, kwa kuwa nzi asiyegusa changarawe za chini ya mto mara moja moja bado hajawafikia samaki, na hapo kishanga cha tangsteni, yaani shanga ya metali nzito inayovishwa kichwani mwa nzi ili azame, ambacho kina uzito unaozidi maradufu ule wa kishanga cha shaba nyeupe chenye ukubwa huo huo, ndicho kinachostahili fedha yenu. Kisanduku hiki hakina hata kimoja.

Wanaoelea wana saa yao, hasa jioni wadudu wanapotoka majini na mabawa mapya. Mmoja wao, Adams, aliyebuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, alinipatia samaki wawili.

Sitakinunua tena, nitachagua nzi mmoja mmoja. Mkiwa tayari mnacho, tazameni tundu la kila ndoano: matano yalikuwa yamezibwa na gundi. Yazibueni kwa sindano mkiwa nyumbani, maana mtoni vidole vikishakufa ganzi, kazi hiyo haiwezekani.