TAHADHARI: Okidi ya bluu niliyouziwa imechanua nyeupe

Jamani, okidi yangu ya bluu imechanua Jumapili asubuhi. Ni nyeupe. Nyeupe pee, na kitovu cha njano kidogo. Niliitazama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kisha nikaingia ndani nikalia. Najua wapo watakaosema ni ua tu hilo. Si ua tu. Ni shilingi 290,000 zangu, ni mama yangu, na ni ninyi watatu mlionunua kwa yule kijana kwa sababu mlisikia kwangu.

Mnamjua. Ni yule yule aliyepamba meza kuu kwenye sendofu ile. Jina siliandiki wala namba siiweki, askari amenikataza mpaka jalada lifunguliwe, lakini mliokuwepo mnamkumbuka.

Alikuja kwangu Jumamosi, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, saa kumi jioni. Arobaini ya mama ilikuwa imepita siku nne tu, mnaijua hali niliyokuwa nayo. Alishuka kwenye bajaji amekumbatia boksi refu lenye matundu ubavuni, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema, "Shikamoo mama. Pole kwa msiba, Mungu akutie nguvu." Akakaa. Akaomba maji, akanywa, na lile boksi hajaligusa. Nasema haya yote kwa sababu nataka mjue jinsi alivyokuwa na subira. Mwizi mwenye haraka ningemtambua.

Alipolifungua alitoa chungu cheupe, na juu yake okidi yenye maua saba yaliyofunguka na vitumba viwili. Majani mapana manne, mazito, yanang'aa. Na yale maua, jamani! Bluu ile ya kufulia, ile tuliyokuwa tunatia kwenye maji ya kusuuzia mashati ya shule, na mishipa ndani ya petali imekolea zaidi kuliko ua lenyewe. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka tisa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akasema, "Mama, si imepakwa rangi?" Nikamkemea mbele ya mgeni, nikamwambia aende nje akacheze. Mtoto wa miaka tisa aliona, mimi nikamfukuza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Yule kijana hakukasirika. Alitabasamu, akatoa leso nyeupe mfukoni, akailowesha kwa maji ya glasi yake, akalishika ua moja kwa vidole viwili na kulifuta taratibu, juu na chini, kisha akaninyooshea leso. Safi. Haina hata alama. "Mama," akasema, "rangi gani ya kupakwa isiyotoka kwa maji?" Nikaishika ile leso, nikaigeuza upande wa pili. Safi. Ninyi mngesema nini?

Kuna kitu kimoja nilikiona na nikakiuliza. Chini kabisa ya bua la maua palikuwa na kidoa kigumu, kama tone la nta. Akasema hapo bua lilichubuliwa na kibanio cha kulisimamishia, wakapaziba wadudu wasiingie. Nikaridhika.

Halafu akaiona picha ya mama ukutani. Akauliza huyu bibi ni mwenyeji wa wapi. Nikasema Makete. Akasimama, kweli alisimama, akasema, "Basi mama, ua hili ni la kwenu. Mbegu yake ilitoka Kitulo."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mama, Mungu amlaze pema, alikulia karibu na Kitulo, ile nyika ya juu milimani. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo jinsi mvua za kwanza zikinyesha nyika yote inavyofunikwa na maua, mpaka watu wakapaita Bustani ya Mungu. Alikuwa akiwachukia wachimbaji wanaozing'oa okidi kwa magunia kwa ajili ya vile viazi vya mizizini vinavyovushwa kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula chao cha huko. Palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 alifurahi kama aliyerudishiwa shamba. Miaka yote ile sikuwahi kumpeleka tena kule. Nilisema mwakani, mwakani. Sasa mtu ananiletea ua la Kitulo sebuleni, siku nne baada ya arobaini. Sikupunguza bei hata shilingi. 160,000, hela ya mchezo wetu wa upatu niliyokuwa nimepokea wiki ile ile, nikamtumia kwa simu palepale. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni la mke wake, laini yake ina tatizo. Nikabonyeza.

Na msiniambie kwamba sikuwa na akili. Huyu mtu alijua kazi. Aliniambia nisimwagilie kila siku, nitazame mizizi kwenye chungu: ikiwa ya fedha ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba. Aliniambia isikae kwenye udongo, ipandwe kwenye vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, maana porini jamii hii hushikilia magome ya miti na mizizi yake inataka hewa. Jua la asubuhi tu, maji yasituame katikati ya majani. Yote ni kweli! Nilifuata, na mmea mpaka leo ni mzima, una majani sita. Mtu akikwambia mambo kumi ya kweli na ukayaona kwa macho yako yakitimia, la kumi na moja utalitilia shaka kwa lipi?

Maua yalidumu hadi katikati ya Januari, yakadondoka moja moja. Nikalikata bua lililokauka, na ndani yake lilikuwa bluu, bluu ya wino wa peni. Mimi nikafurahi. Nikaona huu ndio ushahidi, kwamba hata damu yake ni bluu. Nikapiga picha nikamtumia. Akajibu, "Umeona sasa mama?" Sijui alipoandika hivyo uso wake ulikuwaje.

Mwezi wa pili akarudi na mbegu. Pakiti tano, kila moja 20,000, picha ya okidi ya bluu mbele. Na safari hii akaniuzia na udongo, mifuko miwili kwa 30,000, "udongo wa Kitulo". Nilimuuliza, si ulisema okidi haitaki udongo? Akasema ni wakati wa kuota tu, mtoto hali chakula cha mkubwa. Nikapanda kwenye trei barazani. Siku ya tano zikachomoza! Niliwapigia simu, mnakumbuka nilivyokuwa nikipiga kelele. Ndipo ninyi watatu mkachukua namba yake. Wiki ya pili dada wa kazi akaniita, akasema, "Mama, huu mbona mchicha?" Ulikuwa mchicha. Nikampigia yule kijana, akasema hayo ni magugu ya udongo wa asili, ng'oa, okidi yenyewe inachukua miezi mitatu. Nikang'oa. Nikasubiri masika yote, nikizifunika kwa nailoni mvua isizizoe. Hakikuota kitu.

Kipupwe kilipoingia na usiku ukapoa kidogo, ile kubwa ikatoa bua jipya. Nikalihesabia siku. Na Jumapili ndiyo hivyo.

Binamu yangu yupo Arusha, anafanya kazi shamba la maua. Nilimtumia picha zote, za mwaka jana na za sasa, na ile ya bua lililokatwa. Alinipigia badala ya kuandika. Alisema dada, hiyo ni okidi ya jamii ya Phalaenopsis, nyeupe ya kawaida, inazalishwa maabara kwa wingi duniani. Hutobolewa bua likiwa changa, rangi ikaingizwa humo, tundu likazibwa kwa nta. Rangi inapanda na maji mpaka kwenye ua, ndiyo maana mishipa hukolea na ndiyo maana leso haipati kitu. Ua linalofuata linarudi rangi yake. Nje huko zinauzwa hadharani na mteja anaambiwa kwamba imetiwa rangi, anachagua mwenyewe. Wizi ni kusema ni ya asili. Bluu ile, alisema, jamii hii haina kiasili. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Chiba walilazimika kuingiza jeni ya mmea mwingine kabisa ndipo wakaipata. Okidi inayojulikana kwa ubluu wa kuzaliwa ni ya jamii nyingine, Vanda ya huko India na Thailand, nayo imeelekea zambarau.

Kuhusu mbegu akaniuliza, "Dada, umewahi kupasua vanila?" Vanila ni okidi. Zile chembe nyeusi ndani ya ganda, ndogo kama vumbi, ndizo mbegu. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula ndani yake, porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha, na watu huiotesha ndani ya chupa, kwenye jeli ya sukari, mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Kisha usubiri miaka, si siku tano. Wakulima wa Kagera wenyewe vanila wanapanda marando, hakuna apandaye mbegu. Zangu zilikuwa zinashikika kwa vidole, nyeusi, zinang'aa. Nimepanda mchicha miaka ishirini nyuma ya nyumba na sikuitambua mbegu yake ndani ya pakiti yenye picha.

Na Kitulo! Kule ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi kali, na okidi zake maarufu huishi ardhini: kiangazi majani yanakufa, mmea unabaki kwenye kiazi chake chini. Huku kwetu pwani haingemaliza mwezi. Tena kuchukua mmea hifadhini ni kosa la jinai. Mama alinieleza habari ya vile viazi mara ngapi? Nilikuwa nayo habari yote kichwani na sikuiunganisha.

Nilimpigia yule kijana Jumapili hiyo hiyo. Akapokea kwa "shikamoo mama" ileile. Nikamwambia ni nyeupe. Akasema okidi huchoka rangi, anayo mbolea ya kuirudisha, 45,000. Nikamwambia nimeongea na mtu wa maua. Kimya. Kisha simu ikakatika, na tangu hapo amenibloku, na namba ya huyo "mke" haipatikani.

Nimekwenda kituoni Jumanne, nimepata RB, namba ya taarifa ya polisi. Nataka akamatwe. Sitaki kuombwa radhi, sitaki wazee waje kunikalisha eti kijana anatafuta maisha. Wote tunatafuta maisha. Alitazama picha ya marehemu ukutani akaichukua akaifanya mtego, hilo si la kusamehewa kwa soda na biskuti. Arudishe hela za watu wote, alale ndani, na wapambaji wenzake wamkatae kila ukumbi. Anayempa kazi ya harusi kuanzia leo ajue anampa mtu gani. Na nimesikia sasa anauza okidi ya chui, vichaka vizima vilivyong'olewa mitini na mizizi imebaki kwenye gome. Hizo zinakufa, na msitu umeshapoteza. Afungwe na kwa hilo.

Mnaoniuliza mtamtambuaje mwingine kama yeye: tazameni chini ya bua kama pana tundu au nta, mishipa ya ua kama imekolea kupita ua, na bluu kali hivyo ikataeni. Mbegu za okidi za kumwaga kwenye trei msinunue kwa mtu yeyote. Jina la muamala likiwa si lake, simamisha. Mengine yatanijia, kwa sasa kichwa hakijatulia.

Ninyi watatu, naombeni radhi. Mliamini mdomo wangu, si wake. Kila mmoja nitamrudishia alichotoa kidogo kidogo, tuonane Jumamosi kwenye mchezo. Na tafadhali pakiti za mbegu msizitupe hata kama ni tupu, wala msifute ujumbe wake kwenye simu. Askari anazitaka zote, na mimi zangu tatu nilikuwa nimeshazichoma.